Sura ya Saba: Ala Inayojificha Mdomoni

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Naweza kujifunza harmonika peke yangu, kwa simu na kompyuta, bila mwalimu na bila kulipa?" Anayeuliza kwa kawaida ameshainunua. Ameipuliza siku tatu, wimbo mmoja wa kwaya ukatoka nusunusu, kisha akakwama.

Jibu langu ni ndiyo. Tena naona harmonika inafaidika na programu za bure kuliko ala nyingi, kwa sababu ya ajabu kidogo: ikipigwa, haionekani.

Anayejifunza gitaa hukaa mbele ya mwenzake akatazama vidole. Wa ngoma hutazama mikono. Harmonika imefunikwa viganja viwili, matundu yamo ndani ya midomo, na kazi yote inafanywa na ulimi, koo na pumzi. Hata ukimpata bingwa mkakaa magoti kwa magoti, ataona mashavu yako na wewe utaona yake. Atakwambia ufungue koo, nawe utafungua kitu fulani usichokijua. Wote wawili mnategemea sikio, na sikio la anayeanza ndilo changa kuliko vyote. Programu nitakazozieleza hapa zinafanya jambo moja kubwa: zinaigeuza sauti iwe kitu cha kutazamwa.

Kwanza, ala yenyewe

Kamusi huiita kinanda cha mdomo. Wengi husema harmonika. (Ukiitafuta mtandaoni andika kwa uangalifu. Herufi mbili zikiteleza utaletewa nyimbo za Harmonize, ambazo ni tamu lakini hazitakufundisha kupuliza.) Ninayoizungumzia ni ile ndogo yenye matundu 10, inayoenea kiganjani, ambayo kampuni ya Hohner, iliyoanzishwa mwaka 1857 katika mji wa Trossingen, Ujerumani, iliisambaza dunia nzima. Ndani yake mna ndimi 20, yaani vipande vyembamba vya shaba vinavyotetemeka hewa ikipita. Kila tundu lina ndimi mbili: mmoja wa kupuliza, mmoja wa kuvuta pumzi.

Kama uliwahi kuimba kwaya ukasoma do-re-mi ubaoni, una mtaji tayari. Chukua harmonika ya C, ambayo do yake ni noti C. Ngazi kamili inaanzia tundu la 4:

- Tundu la 4: puliza do, vuta re
- Tundu la 5: puliza mi, vuta fa
- Tundu la 6: puliza so, vuta la
- Tundu la 7: vuta ti, kisha puliza do

Umeona tundu la 7? Mwendo umegeuka, sasa unaanza kuvuta. Wengi hujikwaa hapo wiki nzima wakidhani wameuziwa harmonika mbovu.

Kwenye matundu matatu ya chini, fa na la hazipo kabisa. Ziliachwa makusudi, ili ukivuta matundu hayo kwa pamoja upate sauti tatu zinazopatana. Anayezitaka noti hizo huzitengeneza mwenyewe kwa kupinda sauti: anabadilisha umbo la kinywa huku akivuta, na noti inashuka. Huo ndio ufundi unaowatoa watu jasho, na ndio uliobeba bluzi yote ya harmonika.

Programu nyingi huandika noti kwa herufi. Kwenye harmonika ya C, do ni C, re ni D, mi ni E, fa ni F, so ni G, la ni A, ti ni B. Hayo yanatosha kuanzia.

Bure, na pia huru

Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa, na wenyewe wana miaka chungu nzima wakieleza wanamaanisha lipi. Kiswahili kilishayatenganisha: bure ni bure, huru ni huru. Kwenye programu tofauti hiyo ni kubwa.

Programu ya bure inaweza kuwa ya kampuni inayokulisha matangazo, na tangazo la video linakula bando lako ukingali unatafuta noti ya kwanza. Programu huru ni ile ambayo mwandishi wake amekuruhusu kuitumia kwa lolote, kuchungulia ilivyoandikwa, kuirekebisha, na kuwagawia wengine nakala. Fikra hizi zilipata sauti mwaka 1983, pale Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU.

Kwako wewe mwenye harmonika, ruhusa ya kugawa ndiyo inayolipa kuliko zote. Mmoja wenu anapakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, anaweka kwenye flashi, kikundi kizima kinanakili, na hakuna aliyeiba.

Audacity, ambayo tutaitumia sana, ni mfano mzuri. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Mwaka 2021 ikachukuliwa na kampuni ya Muse Group, na maelezo mapya kuhusu taarifa za watumiaji yakazua kelele. Kwa kuwa ni programu huru, waliochukia walifanya kilichoruhusiwa tangu mwanzo: walinakili maandishi yake wakaanzisha matoleo yao, mojawapo likiitwa Tenacity. Programu ya bure tu ingewaacha wakilalamika.

Sindano isiyokuonea haya

Chombo cha kwanza ni kipima noti, ambacho wapiga gitaa hukiita tyuna. Kinasikiliza kwa maikrofoni ya simu, kinahesabu hewa inatetemeka mara ngapi kwa sekunde, kisha kinakuonyesha jina la noti na sindano inayosema umepanda au umeshuka. Mitetemo hiyo hupimwa kwa hezi. Hezi 440 ni mitetemo 440 kwa sekunde, na ndiyo noti A ambayo ala nyingi duniani huoanishwa nayo.

Unapochagua kipima noti, angalia mambo mawili. Kwanza, kionyeshe noti zote 12. Vingi vimetengenezwa kwa ajili ya nyuzi sita za gitaa, na ukivipulizia noti nyingine vinakuvuta kwenye uzi ulio karibu. Pili, kiombe ruhusa ya maikrofoni peke yake. Kipima noti kinachotaka orodha ya namba za simu zako kina shughuli nyingine. Kwa Android kuna duka liitwalo F-Droid linaloweka programu huru tupu, na humo vipo vipima noti vidogo visivyo na tangazo hata moja.

Zoezi la kwanza ni jepesi kulisikia, gumu kulifanya. Puliza tundu la 4 peke yake, utazame sindano. Ikitulia kwenye C, umefanikiwa. Ikirukaruka kama nzi kwenye kioo, unapuliza matundu mawili bila kujua. Sikio la mgeni husamehe kosa hilo, maana sauti mbili zinazopatana humpendeza, lakini sindano haisamehe. Kaza midomo, ukubwa wa kunywea soda kwa mrija, urudie. Ningemshauri anayeanza akae kwenye zoezi hili hadi sindano itulie kwenye kila tundu kuanzia la 1 hadi la 7. Nyimbo zinaweza kungoja.

Sasa tuje kwenye kupinda, ambako kipima noti kinatoa msaada wa kweli. Noti unazoweza kupata ni zile zilizo kati ya ndimi mbili za tundu moja. Tundu la 3 ukipuliza ni G, ukivuta ni B. Katikati mna noti tatu, kila moja ikiwa nusu toni chini ya mwenzake (nusu toni ni hatua ndogo kuliko zote, kama ile ya kutoka mi kwenda fa). Kwenye harmonika ya C, ukivuta tundu la 3 utaona hivi:

- bila kupinda: B, hezi 494
- nusu toni chini: B iliyoshushwa, hezi 466
- toni nzima chini: A, hezi 440, ile la iliyokosekana
- toni moja na nusu chini: A iliyoshushwa, hezi 415

Tundu la 2 lina noti mbili za kupinda, ya pili ikiwa ile fa iliyokosekana. Tundu la 1 na la 4 yana moja moja. Tundu la 5 halina kitu, kwa kuwa ndimi zake, E na F, ni majirani wasio na mtu katikati. Laiti kila anayeanza angeambiwa hili siku ya kwanza. Nimeona watu wakilipindia tundu la 5 hadi kizunguzungu, wakidhani kasoro ni yao.

Wiki ya kwanza ya kupinda, sindano itateremka kidogo tu, na sikio lako halitasikia tofauti. Lakini utaiona. Utajua kwamba ulichofanya na ulimi sekunde ile, hata kama huwezi kukieleza, ndicho chenyewe, utakirudia. Mwalimu asingeweza kukuonyesha jambo hilo, kwa kuwa linatokea nyuma ya meno yako.

Tahadhari moja. Ukipima harmonika mpya utakuta noti nyingi ziko juu kidogo ya kipimo. Viwanda huoanisha A kwenye hezi 442 hivi, kwa kuwa pumzi ya mpigaji huivuta chini. Na noti mi mara nyingi iko chini: mafundi huishusha, wakati mwingine kufikia senti 14 (nusu toni moja ina senti 100), ili do, mi na so zikipulizwa pamoja zisigombane. Usichukue bisibisi.

Kwa ufupi: sindano inayorukaruka ni matundu mawili, sindano inayoshuka taratibu ni mwanzo wa kupinda, sindano iliyo juu kidogo kwenye harmonika mpya ni kazi ya kiwanda.

Kumpunguza mwendo bingwa

Mwaka 1952 huko Chicago, Marion Walter Jacobs, anayejulikana kama Little Walter, alirekodi kipande kisicho na maneno kiitwacho "Juke". Kilikaa wiki 8 kileleni mwa chati ya Billboard ya muziki wa watu weusi. Tangu hapo karibu kila mpiga harmonika ya bluzi amejaribu kukiiga. Kinaanza kwa kifungu kifupi kinachopanda ngazi na kujirudia, na kwa kasi yake halisi kinakupita kama pikipiki.

Wanafunzi wa zamani walikuwa na ujanja. Walichukua santuri ya mizunguko 33 kwa dakika wakaizungusha kwa 16. Muziki ukaenda nusu ya kasi, lakini sauti nazo zikashuka oktavu nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Harmonika ikawa inanguruma kama tarumbeta la bati. Walivumilia.

Wewe huna haja. Programu ya leo huikata sauti vipande vidogo sana na kuviweka upya kwa kupishana, hivyo muziki unachelewa huku noti zikibaki palepale. VLC, kicheza muziki na video huru kilichoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, hufanya hivyo kwenye simu na kwenye kompyuta: unapunguza kasi, basi. Kwenye kompyuta unaweza pia kuweka alama mbili, A na B, kikarudia kipande kilicho katikati hadi useme basi.

Audacity inakwenda mbali zaidi, ingawa inataka kompyuta. Chini ya menyu ya Effect kuna amri yenye neno Tempo na nyingine yenye neno Speed. Chukua ya Tempo. Ile nyingine itakurudisha kwenye santuri ya 16. Anza na asilimia 70 ya kasi halisi. Ukishuka chini ya nusu, sauti inaanza kuwa na mwangwi wa pangoni na noti zinalowana.

Kisha kuna tatizo la pesa, ambalo vitabu vya wenzetu hulipita haraka. "Juke" iko katika ufunguo wa E, na Little Walter aliipiga kwa harmonika ya A. Wewe una ya C tu. Vitabu vitakuambia ununue ya A, kesho ya D, kesho kutwa ya G, na harmonika nzuri si ya bei ya soda. Wapigaji wa bluzi kwa kawaida huifanya noti ya kuvuta tundu la 2 kuwa nyumbani kwao. Kwenye harmonika ya A noti hiyo ni E. Kwenye yako ya C ni G. Kutoka E hadi G ni nusu toni 3. Basi ingia kwenye Audacity, tafuta amri ya Pitch, andika 3, na Little Walter atapanda juu akukute ulipo. Kwa njia hii harmonika moja inatosha mwaka mzima. Atasikika kama mtu aliyevaa suruali fupi, lakini matundu ya kutafuta ni yaleyale.

Jambo la mwisho kwenye Audacity ndilo ninalolipenda kuliko yote. Bonyeza jina la rekodi iliyoko kwenye skrini, uchague mwonekano wa Spectrogram. Ni picha ya sauti: kushoto kwenda kulia ni muda, chini kwenda juu ni noti. Noti iliyonyooka huonekana kama mstari ulionyooka. Noti iliyopindwa huonekana mstari ukining'inia, kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi bichi. Jirekodi ukipiga kifungu hichohicho, weka picha yako chini ya ya bingwa. Utaona yeye anashuka ghafla na kukaa chini, wakati wewe unateleza pole pole bila kufika.

Treni na mguu

Kwenye mwendo nitapita haraka, kwa kuwa chombo ni rahisi. Metronomu ni saa inayogonga mapigo sawasawa. Programu zake za bure ni nyingi na karibu zote zinafaa. Ukitaka kitu chenye ladha kuliko tik-tik, programu huru ya Hydrogen kwenye kompyuta hukupa ngoma za kupanga mwenyewe.

Kinachohitaji maelezo ni cha kupiga nacho. Wapiga harmonika wana zoezi la jadi: kuiga treni. DeFord Bailey, mpigaji wa Tennessee aliyekuwa nyota mweusi wa kwanza wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, alirekodi mwaka 1927 "Pan American Blues", kipande kinachoiga treni iliyoitwa Pan-American. Toleo la anayeanza ni hili: funika tundu la 1, 2 na 3 kwa pamoja, vuta mara mbili, puliza mara mbili, vuta mara mbili, puliza mara mbili. Metronomu iwe 60 kwa dakika. Ukiweza dakika tatu bila kuishiwa pumzi wala kupasuka nayo, ongeza 5. Treni ikianza kukimbia kabla ya metronomu, rudi kituoni.

Kinasa sauti, na mambo ya kuepuka

Simu yako ina kinasa sauti tayari. Kitumie hicho, usijirekodi kupitia simu ya mtandaoni. Programu za kupigia simu hujaribu kufuta kelele, na noti ndefu ya harmonika huichukulia kama mngurumo wa feni. Utakachokisikia baadaye ni vipande vilivyokatwakatwa, na utajilaumu bure.

Weka simu umbali wa mkono mmoja, pembeni kidogo, pumzi isiipige maikrofoni. Rekodi dakika moja, isikilize kesho yake. Usiku uleule bado kinywa kinakumbuka kilichokusudia, nacho kinalidanganya sikio.

Anayesoma noti za mistari mitano atapenda MuseScore, programu huru ya kuandikia muziki. Ila jihadhari: programu ya kompyuta hailipiwi, lakini kuna huduma ya jina hilohilo inayouza nafasi ya kupakua nota za watu. Wanaochanganya viwili hivyo hutoa kadi ya benki pasipo lazima.

Na zile programu zinazokupa nyota na pongezi kila ukipatia noti, mimi nisingezitumia. Zinakuzoesha kupiga kwa macho. Mtu anacheza vizuri mbele ya skrini, umeme ukikatika anakuwa mgeni kwenye harmonika yake mwenyewe.

Hata sindano niliyoisifu ina hatari hiyo, kwa hiyo baada ya miezi miwili hivi badilisha namna ya kuitumia. Washa kipima noti, weka simu mezani, fumba macho. Imba la kimoyomoyo. Vuta tundu la 3, iteremshe noti taratibu kutoka B hadi usikie imefika pale ulipoimba. Ishikilie hapo. Sasa fumbua macho, uone kama sindano imesimama kwenye A.